Mtihani wa nafasi ya utafiti: modeli yangu 96% kwangu, 58% kwao. Nimekosea wapi?

#1 Kokotoa_Tu (mleta mada)
Wakuu salaam, niende moja kwa moja.

Nimeomba nafasi ya utafiti chuo kikuu, mkataba wa miaka 2. Kazi ni kutumia ujifunzaji wa mashine kwenye mifuatano ya protini, yaani protini iliyoandikwa kama mstari wa herufi, kila herufi asidi amino moja. Mimi ni mtu wa kompyuta, biolojia niliiacha sekondari na hatukuagana vizuri. Kabla ya usaili wametupa mtihani wa kufanyia nyumbani: faili lenye mifuatano 9,000, kila mmoja na lebo yake. Protini hii ikizalishwa ndani ya bakteria E. coli, inayeyuka au inaganda madonge? Tengeneza modeli, halafu tabiri mifuatano mingine 400 ambayo majibu yake wamebaki nayo wenyewe.

Nikafanya ninavyofanya siku zote. Nikachanganya faili, 80% ya kufundishia, 20% ya kupimia. Mtandao wa neva mdogo tu. Nikapata 96%. Sikuamini, nikagawa upya mara tano: 96, 95, 96, 96, 97. Nikatuma, nikalala.

Jana majibu yamerudi: 58%. Na sentensi moja chini yake: "Njoo Alhamisi ijayo utueleze kwa nini." Hawakusema nimefeli, hawakusema nimepita. Naombeni msaada, nimekosea wapi?

#2 ngoja_niulize
Nakaa mbele kabisa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Herufi20
Mleta mada, mtihani wako ulivuja, na aliyeuvujisha ni wewe.

Protini zina koo. Protini moja inaweza kuwa kwenye faili lako mara thelathini: ya binadamu, ya panya, ya chachu, na nyingine ambazo mtu wa maabara kabadilisha herufi moja tu aone itakuwaje. Ulipochanganya faili na kulikata, pacha mmoja kaenda darasani, mwenzake kaenda chumba cha mtihani. Modeli haikujifunza kinachofanya protini iyeyuke. Ilikariri sura za ukoo. Ikimwona pacha inasema "huyu namjua, kaka yake aliyeyuka". Wale 400 wa kwao hawana ndugu kwenye faili lako, ndiyo maana imepotea.

Kamata MMseqs2, programu ya kupanga mifuatano inayofanana, weka mpaka wa 30% ya kufanana, panga mifuatano kwenye makundi, halafu gawa MAKUNDI, siyo mifuatano. Ukoo mzima ukae upande mmoja. Rudi na namba hapa.

#4 Bi_Maabara
Herufi20 kasema kweli lakini amekimbilia kwenye kompyuta kabla hajauliza lebo zimetoka wapi. Mimi nimezalisha protini ndani ya E. coli miaka kumi na kitu, acheni niwaambie.

"Inayeyuka" siyo sifa ya mfuatano peke yake. Ni sifa ya mfuatano pamoja na siku hiyo. Nichukue protini ileile, nikuze bakteria kwa nyuzi 37, nipate madonge matupu chini ya chupa. Wiki inayofuata nishushe hadi nyuzi 18, niwaache usiku kucha wazalishe polepole, nusu yake iko kwenye maji safi kabisa. Au niiunganishe na protini msindikizaji kama MBP, ghafla inayeyuka. Au nipunguze kichocheo. Herufi hazijabadilika hata moja, lebo imegeuka.

Sasa faili la 9,000 kama limekusanywa kutoka maabara ishirini, kila mtu na joto lake na uvumilivu wake, unategemea modeli ijue nini? Wale 400 labda ni wa maabara yao wenyewe, mkono mmoja, mashine moja. Hapo hata ukigawa koo vizuri utaanguka tu.

#5 Kokotoa_Tu
Asanteni. Herufi20, nafanya usiku huu. Bi_Maabara, kwenye faili hakuna safu ya joto wala ya kitu chochote. Ni jina, mfuatano, 1 au 0.

#6 Bi_Maabara
Basi ndiyo hivyo. Wamekupa maiti bila cheti cha kifo.

#7 Mia_kwa_Mia
Mbona hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa? Kwenye 9,000, za 1 ngapi na za 0 ngapi? Na kwenye 400?

#8 Kokotoa_Tu
Mkuu, zinazoyeyuka 7,200, za madonge 1,800. Wale 400 ni nusu kwa nusu. Wamenirudishia na jedwali: katika 200 zinazoyeyuka kweli nilipatia 186. Katika 200 za madonge nilizitambua 46 tu.

#9 Mia_kwa_Mia
Kesi imekwisha. Mvivu akisema "zote zinayeyuka" kwenye faili lako anapata 80% bila kuwasha kompyuta. Modeli yako imefundishwa kupenda jibu la "ndiyo", imekutana na nusu kwa nusu, imeumbuka. Mizani ilikosekana tu, hamna cha ukoo wala joto.

#10 Hesabu_Ndogo
Taratibu Mia_kwa_Mia, mizani haitoshi. Kokotoa_Tu, kwako ulipatia ngapi kila upande?

#11 Kokotoa_Tu
98% ya zinazoyeyuka, 88% ya madonge.

#12 Hesabu_Ndogo
Haya, tuhesabu. 98 mara 0.8, jumlisha 88 mara 0.2, ni 96. Sawa na ulivyosema. Modeli hiyohiyo ikipelekwa kwenye nusu kwa nusu, kama haijabadilika kitu kingine, ni wastani wa 98 na 88, yaani 93. Siyo 58. Kukosa mizani kunakula asilimia tatu tu. Zile 35 nyingine zimeliwa na kitu kingine.

Nyongeza kwa mleta mada: usiende mbele ya wale watu na "usahihi" peke yake. Tumia kipimo cha Matthews, kinachoangalia visanduku vyote vinne vya jedwali. Kwako kinatoka takriban 0.87, kwao 0.22. Sifuri maana yake unabahatisha. Na ukitaka kuwapendeza watu wa biolojia, waambie kipimo hicho hakikuletwa na mtu wa kompyuta. Brian Matthews alikuwa mtu wa maumbo ya protini, alikitumia mwaka 1975 kupimia utabiri wa umbo la lisozaimu, kimeng'enya cha kirusi T4. Sisi wa kompyuta tumekichukua tu.

#13 Mia_kwa_Mia
Hesabu imekubalika, nimeteleza. Ila angalia jedwali: kwenye 400 kasema "inayeyuka" mara 340 (186 + 154). Hiyo modeli bado inapenda ndiyo kupita kiasi.

#14 Hesabu_Ndogo
Hapo ndipo penyewe. Kwako haikuwa hivyo, kwao ikawa hivyo. Kwa nini wale 400 wote wanaonekana machoni pake kama wa kuyeyuka?

#15 Mbio_za_Sakafuni
Jamani mnahangaika na nini? AlphaFold, ile modeli ya Google ya kutabiri umbo la protini, ilishamaliza biolojia yote. 2018 ilitatua tatizo la kukunjana kwa protini, 2024 Google wakabeba Nobeli. Mwambie achukue umbo la kila protini, kazi imeisha.

#16 Msomi_wa_Kona
Marekebisho matatu, kwa heshima.

Moja, 2018 AlphaFold ya kwanza iliongoza CASP13, mashindano ya kutabiri maumbo ya protini, lakini haikutatua kitu kwa kiwango hicho. Iliyoshtua watu ni AlphaFold2, CASP14, mwaka 2020. Mbili, Nobeli ya kemia ya 2024 nusu yake ilikwenda kwa David Baker wa University of Washington, kwa kubuni protini mpya. Nusu nyingine ndiyo waligawana Demis Hassabis na John Jumper. Tatu, nyuma ya hiyo kuna PDB, hifadhi ya maumbo ya protini iliyoanza 1971 na miundo saba tu. Saba! Watu wameijaza mmoja mmoja nusu karne hadi ikapita laki mbili. Bila hao hakuna cha kufundishia.

#17 Bi_Maabara
Na umbo siyo kuyeyuka. Nikupe mfano mmoja ambao kila mtu anaujua: seli mundu. Mnyororo wa beta wa himoglobini una asidi amino 146. Inabadilika moja, ya 6, asidi glutamiki inakuwa valini. Kwenye DNA ni herufi moja, GAG imekuwa GTG. Mifuatano hiyo miwili inafanana zaidi ya 99%. Umbo la mnyororo karibu ni lilelile. Lakini ikiachia oksijeni, himoglobini hiyo inashikana nyuzinyuzi ndani ya seli, seli inapinda. Swali la kuyeyuka au kutoyeyuka, ndani ya mwili wa mtu, limeamuliwa na herufi moja.

Kwa hiyo Herufi20 naye ajiulize: hao pacha wake wanaofanana 99%, ana hakika wana lebo moja?

#18 mjukuu_wa_mbaazi
Samahani dada, nafasi hiyo siyo ya 7? Kwenye hifadhidata naona glutamiki ya 7.

#19 Bi_Maabara
Zote sahihi. Ukihesabu methionini ya mwanzo ni ya 7. Methionini hiyo hukatwa protini inapokomaa, ndiyo maana vitabu vya zamani vinasema 6. Mleta mada liandike hilo mahali, siku moja utapoteza wiki nzima kwa kuhesabu kuanzia 0 wakati wenzako wanahesabu kuanzia 1, na wengine kuanzia 1 bila methionini.

#20 Kokotoa_Tu
Nimerudi na namba.

Nimepanga makundi kwa MMseqs2, mpaka 30%. Mifuatano 9,000 imegeuka makundi 2,340. Kundi moja peke yake lina mifuatano 212. Nimegawa makundi, nimefundisha upya, nimepima. Usahihi umeshuka kutoka 96 hadi 77.

Halafu nikafanya kitu kingine. Nimerudi kwenye mgawanyo wangu wa mwanzo, nikaacha mtandao wa neva kabisa. Kila mfuatano wa mtihani nimeutafutia jirani yake wa karibu kwa BLAST, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana, nikanakili lebo ya jirani. 94%.

BLAST ni ya 1990.

#21 Herufi20
Sina la kuongeza 😀

#22 ngoja_niulize
Kwa hiyo programu ya 1990 imepata 94 na mtandao wa neva 96? Umeme wote ule kwa asilimia mbili?

#23 Hesabu_Ndogo
Na hiyo 77 iko chini ya mvivu wa Mia_kwa_Mia mwenye 80. Mkuu, kwa koo mpya modeli yako inazidiwa na mtu anayesema "ndiyo" amelala.

#24 Kokotoa_Tu
Nimeshaliona hilo. Nilinyamaza makusudi.

#25 Dokta_Mkia
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyefungua faili. Mleta mada, fungua, tafuta HHHHHH. Histidini sita mfululizo. Hesabu ziko ngapi upande wa 1, ngapi upande wa 0, na ngapi kwenye wale 400.

Sababu: mtu akitaka kuisafisha protini anaibandika mkia wa histidini, unanasa kwenye nikeli, anaosha takataka, anaitoa. Mkia huo siyo wa asili, ni wa maabara. Waliokusanya faili kama hili mara nyingi "zinazoyeyuka" wamezichukua PDB, maana iliyofika kupigwa picha ya umbo ilishayeyuka. Na mfuatano ulioko PDB huja na mkia wake. "Madonge" wamezichukua kwingine, mara nyingi mfuatano mtupu wa asili. Modeli siyo mjinga. Ikiona mkia, inasema inayeyuka.

#26 Kokotoa_Tu
Subiri.

#27 Kokotoa_Tu
Zinazoyeyuka: 1,510 kati ya 7,200 zina mkia. Madonge: 11 kati ya 1,800.

Wale 400: zote. Zote mia nne.

#28 Hesabu_Ndogo
340 ya Mia_kwa_Mia imepata mwenyewe.

#29 Pamba_na_Jeni
Nilikuwa msomaji tu ila hili limenigusa. Mwaka wangu wa kwanza wa utafiti nilikuwa na modeli ya kutambua protini za aina fulani, 99%. Msimamizi akafurahi, tukaanza kuandika makala. Siku moja nikaifuta herufi ya kwanza ya kila mfuatano, kwa kucheza tu. Ikaanguka hadi 70 na kitu. Protini "chanya" zilikuwa nzima, zinaanza na M. "Hasi" tulizikata vipande kutoka katikati ya protini nyingine, zinaanza na herufi yoyote. Tulikuwa tumejenga mashine ya kutambua M. Miezi mitano. Makala ilikufa, msimamizi hakunisemesha wiki mbili, na aliyependekeza vile vipande alikuwa yeye.

#30 mjukuu_wa_mbaazi
Mashine ya kutambua M 😂 Nimecheka kwa sauti maktaba.

#31 Herufi20
Dokta_Mkia heshima kwako, ila kuna kitu hakikai sawa. Kama mkia ndio siri, mgawanyo wa makundi ungebaki na namba nzuri, kwa sababu mkia upo pande zote mbili za mgawanyo. Imeshuka hadi 77. Kwa hiyo ile 96 ya kwake ililetwa na ukoo, siyo mkia.

#32 Dokta_Mkia
Sijasema mkia ndio ulioleta 96. Nasema ndio ulioleta 58. Wenye mkia kwenye faili lake ni mmoja kati ya watano tu upande wa 1, haiwezi kubeba 96 peke yake. Lakini ukikutana na kundi ambalo WOTE wana mkia, njia hiyo ya mkato inakuwa balaa. Ni magonjwa mawili kwa mgonjwa mmoja.

#33 Bi_Maabara
Matatu. Joto langu mmelisahau.

#34 Mbio_za_Sakafuni
Sawa, AlphaFold nimeiacha. Lakini kwa nini asitumie ESM-2? Modeli ya lugha ya protini, imeshasoma mamilioni ya mifuatano. Ile ya vigezo milioni 650 inaingia kwenye kompyuta ya kawaida yenye GPU nzuri, hakuna haja ya ile ya bilioni 15. Chukua vekta zake, yaani namba inazotoa kwa kila mfuatano, weka juu yake modeli nyepesi ya mstari, basi.

#35 Herufi20
Leo umesema kitu. Ila hapo kuna mtihani mwingine uliovuja: ESM-2 imefundishwa kwa mifuatano ya UniRef, hifadhidata kubwa ya protini. Protini za wale 400 huenda imeshaziona.

#36 Mbio_za_Sakafuni
Imeona herufi, haikuona lebo. Kuona maswali bila majibu ni kosa?

#37 Herufi20
Inategemea unadai nini. Ukidai "modeli yangu itafanya kazi kwa protini ambazo dunia haijawahi kuziona", basi ndiyo, umeona. Protini iliyobuniwa kompyutani haina ndugu UniRef. Ukidai kwamba itafanya kazi kwa protini za kawaida za hifadhidata, sioni tatizo. Watu wanagombana juu ya hili kwenye makala kila leo.

#38 Msomi_wa_Kona
Na tusisahau kuwa wazo la kusoma protini kama maandishi siyo la jana. Margaret Dayhoff alichapisha atlasi ya mifuatano ya protini mwaka 1965, na ndiye aliyetuletea herufi moja kwa kila asidi amino, kupunguza ukubwa wa data kwenye kompyuta za enzi hiyo. Kabla yake ilikuwa herufi tatu tatu. Kila modeli ya lugha ya protini leo inakula alfabeti ya yule mama.

#39 mjukuu_wa_mbaazi
Tukiwa kwenye alfabeti, Herufi20 badilisha jina. Asidi amino zinazoingizwa na kodoni ziko 22, kuna selenosisteini na pirolisini.

#40 Herufi20
Nimeshaambiwa hilo mara mia. Jina nilishalisajili.

#41 Kokotoa_Tu
Kumbe ndiyo maana programu yangu ilizikataa zenye herufi U! Nilidhani ni makosa ya uchapaji, nikazifuta 😅

#42 Bi_Maabara
Umefuta selenosisteini. Haya. Na niambie hukufungulia faili kwenye Excel.

#43 Kokotoa_Tu
...nilifungulia Excel, ila kutazama tu.

#44 Msomi_wa_Kona
Mungu wangu. Excel iligeuza jeni SEPT2 kuwa tarehe 2 Septemba na MARCH1 kuwa 1 Machi, kwa miaka na miaka, hadi uchunguzi wa 2016 ukakuta takriban makala moja kati ya tano zenye orodha za jeni kwenye Excel ina makosa ya aina hiyo. Mwisho kamati ya majina ya jeni za binadamu ikasalimu amri mwaka 2020. Sasa ni SEPTIN2 na MARCHF1. Binadamu walibadilisha majina ya jeni zao kwa sababu ya Excel.

#45 ngoja_niulize
Hii ndiyo sentensi ninayoondoka nayo leo.

#46 Kokotoa_Tu
Turudi kwenye mada. Nimewaandikia wasaili nikaeleza habari ya mkia na koo. Wamejibu: naruhusiwa kutuma utabiri wa 400 mara moja zaidi, moja tu. Nifanye nini? Nikate mkia kote nitume? Au nianze na ESM-2?

#47 Dokta_Mkia
Kata mkia kote, usiguse kitu kingine. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimefanya kazi.

#48 Mia_kwa_Mia
Napinga. Hii ni nafasi ya kazi, siyo somo. Una risasi moja, piga kwa nguvu zote: ESM-2, mizani, mkia, makundi, vyote. Namba ikipanda watakuajiri.

#49 Hesabu_Ndogo
Mia_kwa_Mia, wamemwambia aje aeleze "kwa nini". Hawakusema aje na namba kubwa. Nakubaliana na Dokta.

#50 Pamba_na_Jeni
Mimi nilikaa upande wa pili wa meza ya usaili mara mbili. Aliyetuletea namba kubwa bila kujua imetoka wapi tulimwogopa. Kitu kimoja: ukikata mkia kata na kiunganishi kinachoufuata, mara nyingi kuna herufi kumi na kitu za kuweka mahali pa kukatia kwa kimeng'enya. LVPRGS kwa mfano ni ya thrombini. Ukikata histidini tu, modeli itashika hiyo.

#51 Kokotoa_Tu
Nimekata mkia na viunganishi nilivyovitambua, nimegawa kwa makundi, mtandao uleule. Nimetuma. Sijalala vizuri safari hii.

#52 Kokotoa_Tu
Majibu: 63%.

Zinazoyeyuka nimepatia 150 kati ya 200 (zilikuwa 186). Madonge 102 kati ya 200 (yalikuwa 46).

#53 Mia_kwa_Mia
Niliwaambia. Risasi imekwenda kwa asilimia tano.

#54 Hesabu_Ndogo
Matthews imetoka 0.22 kwenda 0.27 kwa makadirio yangu. Kidogo. Lakini angalia "inayeyuka" imetoka 340 hadi 248. Ile tabia ya kusema ndiyo kwa kila mtu imepona kwa kiasi kikubwa. Dokta alikuwa sahihi kuhusu mkia, ila chini ya mkia hapakuwa na kitu.

#55 Dokta_Mkia
Au kiunganishi kimoja kimebaki.

#56 Herufi20
Au koo za wale 400 ziko mbali sana na zote 2,340. Pima: kila mmoja wa 400 umbali wake na jirani wa karibu kabisa kwenye faili lako, halafu uchore usahihi dhidi ya umbali. Ukiona mstari unashuka, ni ukoo.

#57 Bi_Maabara
Ukiona haushuki, ni joto.

#58 Herufi20
Dada wewe na joto lako.

#59 Bi_Maabara
Kaka, mimi nimekesha na hizo chupa. Tena nimwulize mleta mada: kwenye faili hakuna mfuatano uleule uliojirudia ukiwa na lebo mbili tofauti?

#60 Kokotoa_Tu
Niliondoa marudio mwanzoni kabisa. Ngoja nitazame faili la asili.

#61 Kokotoa_Tu
Ipo. Faili la asili lilikuwa na mistari 9,460. Katika mifuatano iliyojirudia, 83 ina lebo 1 mahali pamoja na 0 mahali pengine. Herufi zilezile kabisa. Mimi programu yangu ilibakiza ya kwanza ikafuta ya pili bila kuniuliza.

#62 Bi_Maabara
Asante. Naenda zangu kulala.

#63 Mia_kwa_Mia
83 kati ya 9,460 siyo hata asilimia moja!

#64 Pamba_na_Jeni
Swali siyo 83 kati ya 9,460, ni 83 kati ya iliyojirudia. Iliyojirudia ni mingapi?

#65 Kokotoa_Tu
Iliyojirudia ni 391.

#66 Hesabu_Ndogo
Basi zaidi ya mfuatano mmoja kati ya mitano ukifanyiwa jaribio mara ya pili unabadilisha jibu. Kama faili lote liko hivyo, hata modeli ya malaika haifiki 96 kihalali.

#67 Herufi20
Kama. Wanaorudia jaribio kwa kawaida ni wale waliopata shida mara ya kwanza. Siyo sampuli ya haki.

#68 Mbio_za_Sakafuni
Off topiki kidogo: akipata hiyo nafasi, makala itakapotoka jina la kwanza litakuwa la nani, la mtu wa modeli au la aliyekesha na chupa?

#69 Bi_Maabara
Nilisema naenda kulala, hili limeniamsha. La aliyekesha na chupa.

#70 Mia_kwa_Mia
La mtu wa modeli, ila aandike kwenye mkataba siku ya kwanza.

#71 Pamba_na_Jeni
Mimi nilikuwa wa nne. Modeli ilikuwa yangu. Tuendelee.

#72 Kokotoa_Tu
Wakuu, kesho ndiyo Alhamisi. Nimetengeneza slaidi tatu. Ya kwanza ina namba nne: 96, 94 ya BLAST, 77, na 80 ya mvivu. Ya pili ni jedwali la mkia. Ya tatu ni ile mifuatano 83. ESM-2 nimeijaribu usiku kwa mgawanyo wa makundi, imetoa 81, nimeiandika kwa herufi ndogo pembeni. Mchoro wa umbali wa Herufi20 nimeuchora: unashuka kidogo mwanzoni, halafu unakaa sawa.

#73 Herufi20
Unashuka. Nimesema.

#74 Bi_Maabara
Unakaa sawa. Nimesema.

#75 ngoja_niulize
Mkuu ukitoka huko kesho usitusahau. Na nina swali la pembeni: mimi nina mifuatano ya DNA, siyo protini. Nikigawa kwa makundi, uzi wa pili wa DNA ukisomwa kinyumenyume nao unahesabika ni ndugu?

#76 Dokta_Mkia
Ni ndugu wa damu kabisa. A inakuwa T, C inakuwa G, na unasoma kutoka mwisho. Usipolitazama hilo utavujisha mtihani bila hata kuwa na mkia. Fungua uzi wako, tutakuja.